Maua ya matunguu na viazi Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanda, kung'oa na kuhifadhi

Maswali haya yanajirudia kwa wapenda bustani wa Tanga mjini, Pongwe, Muheza na juu Lushoto. Mengi huanza pale mtu anaposoma maelekezo ya nchi za baridi, akayafuata neno kwa neno, kisha dalia zikamwozea. Soma swali linalokuhusu. Palipo na jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa pa kulikuta.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnazungumzia maua gani hasa?

Yale yanayoweka akiba ya chakula chini ya ardhi, yakalala kwa muda, kisha yakachipua upya. Hapa kwetu wanaoulizia sana ni wenye gladiola, dalia, kana, kaladi (ile ya majani ya rangirangi) na tuberosi, ua jeupe linalonukia jioni. Yapo pia ya kwetu wenyewe: gloriosa, mtambaazi wenye maua mekundu na manjano yaliyojipinda kwenda juu, na lile ua jekundu la mviringo, Scadoxus, linalochomoza na mvua za kwanza.

Gladiola watu huidhania ya Kizungu. Asili yake kubwa ni Afrika Kusini, na mmoja wa mababu wa gladiola za madukani, Gladiolus dalenii, humea porini hapa hapa Tanzania. Dalia ni ya nyanda za juu za Mexico, na kaladi ni ya Amerika Kusini. Uyakumbuke hayo makwao, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanatokana nayo.

2. Kila ninaposoma naambiwa "ng'oa kabla ya baridi kali". Tanga hakuna baridi. Ning'oe ya nini?

Maelekezo hayo si ya uongo, ila yameandikwa kwa mtu ambaye ardhi yake huganda. Kiazi cha dalia kimejaa maji. Maji yakiganda, seli zake hupasuka, na joto likirudi kiazi huwa uji mweusi. Ndiyo maana Mjerumani au Mkanada hukimbilia jembe mapema.

Tanga adui ni mwingine. Mjini, hata usiku wa Julai, joto haliteremki sana chini ya nyuzi 20. Kinachoua ni tunguu lililolala kukaa kwenye udongo uliolowa. Mmea wenye majani hunywa, uliolala haunywi, na masika ya Machi hadi Mei hayamngoji mtu aamke. Basi ng'oa kwa sababu ya maji, na ung'oe yale tu yanayohitaji. Bustani yako ikiwa mteremkoni au kwenye udongo usiotuamisha maji, mengi unaweza kuyaacha yalipo (tazama swali la 11).

3. Kuna tofauti gani kati ya kupanda Tanga mjini na kupanda Lushoto?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani, ingawa mkoa ni mmoja. Lushoto mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipandisha kona za kutoka Mombo unahisi hewa ikibadilika kabla hujafika Soni. Dalia hupenda hivyo: mchana wa jua, usiku wa baridi. Kule maua yake hujaa na rangi hukolea. Raskazone au Chumbageni dalia huota, lakini usiku wenye joto huichosha, maua huwa madogo na viazi huwa vichache.

Ushauri wangu kwa mtu wa pwani ni kutojipa kazi ya kushindana na Lushoto. Panda kaladi, kana, tuberosi na gloriosa, uzione zikikupenda bila kubembelezwa. Gladiola iko katikati, pwani inakubali ukiilenga kwenye kipupwe. Dalia ipande ukiwa unaipenda kweli, na uchague aina fupi zenye maua madogo.

## Kupanda

4. Nipande lini?

Kaladi, gloriosa na tuberosi zinakwenda na masika: zitie ardhini mvua zinapoanza kushika, kwenye tuta, na zitakua na mvua. Kana haichagui, mradi uimwagilie.

Gladiola na dalia za pwani ni kinyume chake. Zisubirishe mpaka nguvu ya masika ipungue, mwishoni mwa Mei hivi, ili zikue Juni na Julai wakati kusi inavuma na joto limeshuka. Gladiola huchukua takriban siku 70 hadi 100 tangu kupandwa hadi kuchanua, kwa hiyo maua utayaona Agosti. Ukitaka maua ya kukata mfululizo, usipande yote siku moja. Panda mafungu, wiki mbili baina ya fungu na fungu.

Lushoto, wengi hupanda dalia kwa kulenga vuli, kuanzia Septemba au Oktoba. Mvua za masika huko ni nzito na huvunja vichwa vya maua makubwa, hata yakiwa na nguzo.

5. Kina gani, na nafasi gani?

Gladiola ni sentimita 10 hadi 15, na nafasi hiyo hiyo kati ya tunguu na tunguu. Kwenye mchanga wa pwani nenda kwenye 15, la sivyo upepo utazilaza. Dalia pia ni sentimita 10 hadi 15 kwenda chini, lakini iachie nusu mita au zaidi pembeni. Kaladi haitaki kina, sentimita 5 zinatosha. Kana na tuberosi zifunike kwa sentimita 5 hadi 8.

Nguzo ya dalia ikite kabla ya kufukia kiazi. Ukiikita baadaye utakichoma kiazi na hutajua mpaka kioze.

6. Upande upi unaangalia juu?

Gladiola ina kitako bapa chenye alama ya mizizi, hicho kiende chini. Kaladi, tafuta upande wenye vijicho na vinundu, huo uangalie juu. Dalia na gloriosa hulazwa ubavu. Ukipanda gladiola kichwa chini haifi, itajipinda na kutoka, ila itachelewa.

7. Udongo wangu ni mchanga na mawe ya matumbawe. Utafaa?

Kwa matunguu, mchanga ni neema kuliko mfinyanzi. Hauhifadhi chakula, kwa hiyo changanya mboji au samadi iliyooza ikawa haina harufu. Samadi mbichi huunguza na huleta kuoza, mtu akikuambia yake haina neno, mwachie. Karibu kabisa na bahari, weka kitu cha kukinga upepo wa chumvi, kwani majani ya dalia hukauka ncha upesi.

Wenye mfinyanzi, pandisheni matuta ya sentimita 20 hadi 30. Mnajua wenyewe maji yanavyosimama Aprili.

8. Nimepanda dalia, mwezi umepita, sioni kitu. Nimwagilie zaidi?

Hapana. Hapo ndipo dalia nyingi zinapokufa. Kiazi kisicho na majani wala mizizi hakina cha kufanyia maji. Kipande kwenye udongo wenye unyevunyevu tu, kisha usimwagilie mpaka uone kichipukizi.

Fukua kidogo kwa vidole utazame. Kiazi kikiwa kigumu, kina uhai. Sasa angalia shingo yake, pale kilipokuwa kimeungana na shina la zamani. Macho ya dalia yako hapo, si mwilini mwa kiazi kama kwenye mbatata: ni vinundu vidogo, mara nyingi vyekundu au kijani. Kiazi kilichovunjika shingo, au kilichokatwa bila kipande cha shina, kinaweza kukaa ardhini kizuri na kinene, hata kikatoa mizizi, na kisitoe shina kamwe. Ukinunua dalia sokoni, shika shingo kwanza. Unene usikudanganye.

## Kung'oa

9. Nitajuaje kuwa wakati umefika?

Majani yanasema. Yakianza kuwa manjano yenyewe, mmea unarudisha chakula chini. Gladiola iachie wiki 6 hivi baada ya maua kuisha, na unapokata ua la kuweka ndani, acha angalau majani manne kwenye shina. Ukikata mpaka chini umekula akiba ya mwakani. Mtu wa pwani aliyepanda mwishoni mwa Mei atang'oa Oktoba, kabla vuli haijashika.

10. Nimeng'oa gladiola nimekuta matunguu mawili yamepandana, na vipunje vingi. Nifanyeje?

Uko sawa, ndivyo inavyokuwa. La chini, lililosinyaa na kukwajuka, ni lile ulilopanda, limekwisha kazi. La juu ni jipya. Vipunje ni watoto.

Kata shina karibu na tunguu jipya, usilivute kwa mkono. Tandaza yote juu ya ungo au wavu, kivulini penye upepo, wiki mbili hadi tatu. Kisha shika tunguu jipya mkono mmoja, la zamani mkono mwingine, zungusha: likiwa limekauka sawasawa, la zamani linabanduka lote kwa mlio mdogo na kuacha kovu safi, kavu. Likigoma au likiacha unyevu, rudisha kwenye ungo. Ganda lake la nje usilimenye, ndilo nguo yake ghalani.

Vipunje vipande kama mbegu. Vitatoa majani membamba kama nyasi na vitachanua baada ya miaka miwili au mitatu. Asiye na subira awape watoto wa jirani.

11. Ni yapi nisiyang'oe?

Kana, kwanza. Iache, ipunguze tu ikisongamana. Scadoxus na gloriosa pia ziache, zimezoea kiangazi chetu kabla yetu. Scadoxus hasa huchukia kuhamishwa, na ukiing'oa inaweza kukaa msimu mzima bila ua kwa kukukomoa. Tuberosi iache miaka miwili au mitatu: tunguu lililokwisha kuchanua halichanui tena, lakini vichanga vyake vya pembeni vitachanua. Maua yakipungua, ng'oa, gawa, panda upya.

Dalia za Lushoto kwenye mteremko nazo huvumilia kuachwa. Zigawe kila baada ya misimu michache, kila kipande kikiwa na jicho (swali la 8).

## Kuhifadhi

12. Sina stoo ya baridi wala chumba cha chini. Nihifadhi wapi?

Kinachotakiwa ni giza, hewa na ukavu. Uvunguni mwa kitanda panashinda mahali pengi, ukiweka matunguu kwenye pakacha, tenga au gunia la katani. Darini chini ya bati usipeleke, mchana mle mnachoma. Jikoni mna mvuke.

Gladiola zikae wazi, bila kufukiwa na kitu. Dalia zina ngozi nyembamba na hupoteza maji, kwa hiyo zifukie kwenye maranda makavu ya fundi seremala. Vumbi la makumbi ya nazi linafaa pia, isipokuwa makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba: yale yana chumvi, mpaka uyaoshe mara kadhaa na kuyakausha. Majivu siyapendi. Hewa ya pwani huyalowanisha, yakashikana na kuchubua ngozi ya kiazi.

Lakini tusidanganyane: dalia ikikaa mjini Tanga tangu Oktoba hadi Mei kwenye joto, nyingi zitasinyaa. Mwenye ndugu Lushoto au Soni ampelekee kifurushi. Ni njia ya zamani na hakuna kifaa kinachoishinda.

13. Je, friji?

Gladiola ndiyo, kwenye droo ya mboga, ndani ya mfuko wa karatasi au bahasha. Baridi pia huzisaidia kuamka: tunguu la gladiola lililotoka ardhini hukataa kuchipua kwa miezi miwili mitatu hivi, hata ulimwagilie namna gani, na ubaridi hulifupishia usingizi. Dalia zikae sehemu isiyo na baridi sana, zikiwa ndani ya maranda.

Kaladi kamwe. Chini ya nyuzi 15 huanza kuharibika, na friji ni chini zaidi ya hapo. Pia usiweke matunguu pamoja na maembe au ndizi zinazoiva. Hewa inayotoka kwenye matunda hayo huharibu vichipukizi.

14. Mfuko wa plastiki?

Hapana. Kwa hewa ya Tanga, wiki moja tu utakuta jasho, na jasho ni kuoza.

15. Nimekuta ukungu. Nitupe yote?

Bonyeza moja moja. Tunguu gumu lenye ukungu wa juujuu lifute kwa kitambaa kikavu, lianike siku mbili tatu. Lenye doa laini, kata mpaka ufike nyama safi, acha kidonda kikauke. Linalobonyea lote, au lenye harufu ya kitunguu kilichooza, litoe siku hiyo hiyo na usilitupe kwenye mboji.

Kinga ni salfa ya unga, ile wanayopulizia mikorosho. Pakaza kidogo baada ya kukausha, ukiwa umefunga pua na kuvaa glavu. Kagua kila wiki mbili au tatu.

Dalia iliyosinyaa bila kuoza ni jambo jingine. Nyunyizia maranda maji kidogo sana, yawe na ubaridi ukiyagusa, yasilowe.

16. Mchwa na panya?

Usiweke chochote sakafuni, hata uvunguni mwa kitanda. Pakacha lining'inie kwa waya, panya hashuki kirahisi kwenye waya mwembamba. Majani makavu ya mwarobaini watu huweka kama wanavyoweka kwenye nafaka, hayana madhara. Gladiola zenye mistari ya fedha kwenye majani zilikuwa na vithiripi (wadudu wadogo sana), nao hujificha ndani ya maganda ghalani. Hizo zitenge, zisichanganywe na nzima.

## Hali za pekee

17. Nina watoto wadogo. Kuna yenye sumu?

Ndiyo, na hili lisichukuliwe kwa mzaha. Gloriosa ina sumu ya kolkisini mwili mzima, hasa kwenye kiazi na mbegu, na inaweza kuua. Kiazi chake chaweza kudhaniwa kiazi kikuu kidogo, hivyo kisikae jikoni wala karibu na chakula. Scadoxus nayo ina sumu. Kaladi huwasha mdomo na koo vibaya kwa sababu ile ile ya magimbi mabichi, na haipoi kwa kupikwa kama gimbi, kwa hiyo isijaribiwe.

Andika jina kwenye kila pakacha. Mtoto akila, peleka hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea wenyewe.

18. Dada yangu yuko Ujerumani, ameanza bustani, ananiuliza mimi. Nimwambie nini?

Mwambie kalenda yake inafuata baridi, si mvua kama yetu. Yeye apande baada ya barafu ya mwisho kupita, kwa sehemu nyingi za huko katikati ya Mei, udongo ukifikia kama nyuzi 15 kwa dalia, na kaladi hata baadaye. Gladiola zinaweza kutangulia kidogo. Akiwa na haraka, aanzishe dalia kwenye vyungu ndani, karibu na dirisha, mwezi mmoja hivi kabla.

Vuli yao ikiingia, asing'oe dalia kwa kuona tu siku zimepoa. Asubiri barafu ya kwanza iunguze majani yawe meusi, kisha akate shina libaki kama sentimita 10 hadi 15, achimbue kwa uma wa bustani akianzia mbali, azigeuze shina liangalie chini ili maji yaliyomo yatoke. Kaladi na tuberosi asizingojeze barafu, azing'oe mapema.

Kuhifadhi kwake ni rahisi kuliko kwetu, maana ana chumba cha chini. Dalia nyuzi 4 hadi 10, ndani ya maranda au mboji ya peat. Kana pia hapo, kwenye nyuzi 7 hadi 10, na zisikauke kabisa. Gladiola kavu, penye ubaridi. Kaladi pekee aiweke ndani ya nyumba penye joto. Kinachomponyoka mtu wa huko ni hita: stoo iliyo karibu na mtambo wa kupasha nyumba joto hukausha dalia kama ilivyo kwetu.

19. Anaweza kuniletea matunguu akija likizo?

Si kwa kuyatia tu begini kati ya nguo. Mimea na sehemu zake zinazopandwa zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kwa Tanzania wanaohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Aulizie kabla hajanunua, si akiwa uwanja wa ndege.

20. Na tulipu?

Tulipu inahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya kama nyuzi 4 hadi 7 ndipo ichanue sawasawa. Hata Lushoto haina baridi hiyo. Friji itakupa, kisha utaipanda chunguni, itachanua siku chache shina likiwa fupi, na hapo imekwisha, ya mwakani usiingoje. Ukiwa na friji ya ziada na hamu, fanya. Mimi nafasi hiyo naipa gladiola.

21. Sina kiwanja, nina baraza tu Ngamiani. Inawezekana?

Inawezekana, na kuhifadhi kwako ni kwepesi kuliko kwa wote. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini inabeba dalia fupi moja, kaladi tatu au gladiola kumi. Kaladi iwe kivulini, gladiola upande wa jua.

Majani yakikauka huna haja ya kung'oa. Acha kumwagilia, ilaze ndoo ubavu chini ya upenu ambako mvua haifiki, andika jina na mwezi ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Miezi miwili mitatu baadaye isimamishe, kwangua udongo wa juu, ongeza mboji. Ukiona jicho limevimba, ndipo uanze maji, kikombe kimoja kwanza.